Waraka wa Pamba

Kwa heshima na taadhima ninautangazia ulimwengu kwamba usawa katika elimu uliletwa na mimi. Kabla yangu walikuwepo wataalamu, makongamano, na vyama vya walimu vyenye bendera na nyimbo zao, na wote walijitahidi kadiri walivyoweza. Lakini Jumatano ile, saa tisa na nusu alasiri, walimu ishirini na wawili walipobanana kwenye madawati ya kidato cha pili wakiwa wameziba masikio, aliyewaketisha pale nilikuwa mimi, kijana wa miaka kumi na sita mwenye chunusi tatu na adhabu mbili ambazo sikuwa nimezimaliza.

Sawa, sikuleta usawa wote. Nilileta pamba. Nayo niliichomoa kwenye godoro la kiranja wa bweni.

Mambo yote yalianza na jirani yangu wa dawati. Tunamwita Redio, jina alilojipa mwenyewe wiki ya kwanza, akisema kutangaza anakuweza, kasheshe ni kupokea. Sikio lake la kushoto halisikii kitu. La kulia linasikia radi, kengele ya chakula na mama yake. Mengine yote anayasoma midomoni. Ukimtazama usoni ukazungumza naye taratibu hapotezi neno, tena anayapata hata yale uliyomnong'oneza mwenzako upande wa pili wa uwanja, jambo ambalo limevunja urafiki mwingi bwenini kwetu. Kwa kuwa hajisikii mwenyewe, anapojibu anajibu kwa sauti ya mtu anayeita kivuko.

Tatizo ni kwamba midomo ya mwalimu wetu wa Historia hakuna aliyewahi kuiona ikifanya kazi. Huingia darasani, huvaa miwani, hufungua daftari lake kuukuu lililogeuka rangi ya chai, kisha huugeukia ubao na kuanza kutoa imla. Haandiki chochote pale ubaoni. Anausomea tu. Ndiyo maana tunamwita Ukuta: mwaka wa pili sasa anaufundisha ukuta, na sisi tunasikiliza kwa kudoea. Kisogo chake ningeweza kukichora nikiwa usingizini. Sura yake mpaka nikumbushwe.

Kwa hiyo kipindi cha Historia Redio alikuwa ananakili kwangu. Aliniegemea bega, jicho kwenye daftari langu, na kila sentensi niliyoandika mimi aliiandika yeye sekunde tatu baadaye. Mimi nina mwandiko mzuri. Sijisifu, ni ukweli unaotambuliwa na viranja wote ambao nimewahi kuwaandikia barua kwa wapenzi wao. Mama yake Redio, ambaye ni fundi cherehani na anamlea peke yake, alipokuja siku ya wazazi alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akaondoka, na mwezi uliofuata akaleta shati la shule alilonishonea bila kunipima. Lilinikaa kama nimezaliwa nalo. Akanishika mkono akasema, “Mwanangu, wewe ndiye sikio lake. Mungu akuweke.” Niliitikia amina kwa sauti nzito, kama mtu anayestahili.

Halafu matokeo ya muhula yakatoka. Redio alipata tisini na moja Hisabati, themanini na tatu Fizikia, na Historia akapata tisa. Si tisini. Tisa.

Mkuu wa Shule ana kibao kidogo nje ya mlango wa ofisi yake, na juu ya kibao hicho huandika kwa chaki wastani wa shule nzima, namba kubwa, ili mzazi akiingia aione kabla hajaona kiti. Ile tisa ilimkaa kooni. Siku ya Alhamisi mimi na Redio tulikuwa tunafyeka majani nyuma ya ofisi, mojawapo ya adhabu nilizozitaja (Redio alikuja kunisaidia tu, ndivyo alivyo). Dirisha lilikuwa limefungwa. Mimi sikusikia kitu. Redio alisimama akatazama kioo, fyekeo begani, akaanza kutangaza, kwa sauti iliyofika jikoni, kila alichokuwa akikisema Mkuu ndani.

“Anasema mtoto huyu shule haimuwezi. Anasema ahamishiwe shule maalumu. Anasema bodi inakaa Ijumaa ijayo, fomu iwe na sahihi za walimu.” Akashusha fyekeo. “Mtoto mwenyewe ni mimi.”

Shule aliyokuwa akiisema Mkuu ni nzuri, hata Redio anakubali. Ana marafiki wawili huko na wanafurahi. Lakini iko mwendo wa siku mbili, na haina maabara ya Fizikia. Redio anataka kuwa fundi wa mitambo ya umeme, ile mikubwa ya kwenye mabwawa, na hajataka kitu kingine tangu ana miaka saba. Siku ile hakulia wala hakutukana. Alimaliza kufyeka sehemu yake, akafyeka na yangu, na jioni hakula.

Ndani ya ofisi, nilikuja kujua baadaye, Mkuu alikuwa anazungumza na Katibu. Katibu ni mwalimu wetu wa Hisabati, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa, na anaitwa hivyo kwa kuwa ni katibu wa tawi la chama cha walimu pale shuleni. Yeye huandika kila kitu ubaoni na huzungumza akiwa ametutazama, kwa sababu, anavyosema, tukigeuziwa mgongo tunakula. Mwaka huu chama kilimpeleka kwenye semina ya siku tatu kuhusu elimu jumuishi. Alirudi na vitini na hasira. Alitaka tawi lipitishe azimio kwamba walimu wote wafundishe wakitazama darasa, waandike mambo makuu ubaoni, na maelekezo ya mitihani yatolewe kwa maandishi. Ile fomu ya Mkuu alikataa kuitia sahihi. Mkuu akamwambia kuwa chama ni cha kutetea walimu, mambo ya wanafunzi kiwaachie wenye shule.

“Mwalimu anayemfundisha mtoto asiyemwona mdomo naye anahitaji kutetewa, Mkuu,” Katibu alijibu. “Anapoteza pumzi zake bure.”

Mkuu akasema basi hayo ni maoni yake binafsi, kwani tawi halijaazimia chochote. Hapo alimshika pabaya. Ili tawi liazimie lazima wahudhurie wanachama kumi na sita kati ya ishirini na wanne, na mikutano ya tawi letu haijawahi kupata zaidi ya saba, wawili kati yao wakiwa wamelala. Tangazo la Katibu la mkutano wa Jumatano lilikuwa kwenye ubao wa matangazo wiki ya tatu hiyo. Kuna mtu alikuwa ameanza kupiga mahesabu pembeni yake.

Sasa, mimi nimewachunguza walimu kwa miaka mingi, kama mwindaji anavyomchunguza nyati. Mwalimu haogopi njaa, haogopi mvua, hamwogopi mkaguzi. Kitu kimoja tu kinamtetemesha, nacho ni kuandikishwa maelezo. Mwambie akimbie uwanja mara kumi, atakucheka. Mwambie aandike maelezo kwa nakala tatu kwa nini hakukimbia, atakuwa amemaliza mzunguko wa nne kabla hujafunga mdomo. Jambo la pili: karatasi yenye mhuri na namba ya kumbukumbu haiulizwi inatoka wapi. Inatekelezwa.

Jumamosi, saa ya mapumziko, nilikaa nyuma ya mahali pa kufulia na kandambili moja ya zamani, wembe, na bahasha ya chama niliyoiokota kwenye pipa la taka la ofisi ya walimu. Nilichonga mhuri kwenye soli ile kwa saa mbili, nikiiga ule wa kwenye bahasha. Herufi zote nilizigeuza, nikajipongeza. Kisha nikaandika kwa mwandiko wangu wa kiserikali:

“Kumb. Na. CW/MK/TW/EJ/0047/B/ii. Kwa Wanachama Wote. Yah: Zoezi la Lazima la Elimu Jumuishi.”

Waraka ulieleza kuwa katika mkutano wa tawi wa Jumatano, kabla ya ajenda nyingine yoyote, wanachama wataketi kwenye madawati ya wanafunzi wakiwa wameziba masikio kwa pamba, na mwalimu wa Historia atawapa imla ya sentensi ishirini “akiwa ameuelekea ubao, kama ilivyo desturi yake.” Katibu wa tawi angesahihisha papo hapo. Pamba na karatasi zingegawiwa na wanafunzi wawili wa dawati moja, mmoja wao akiwa na uziwi. Kifungu hicho nilikiweka kwa faida ya elimu tu, na kwa sababu nisingekubali jambo kama lile litokee bila mimi kuwepo. Asiyehudhuria angeandika maelezo kwa nakala tatu.

Jumatatu asubuhi ulikuwa ubaoni. Nilipita pale mara tisa nikiwa nimebeba ndoo moja tupu. Mwalimu wa Kemia aliusoma, akaurudia, akanakili namba ya kumbukumbu kwenye kiganja. Mwalimu wa Michezo alilalamika kwamba huko juu wanawatesa sana, kisha akauliza kama suruali ya mazoezi inaruhusiwa. Mkuu mwenyewe, ambaye kadi yake ya uanachama imo kwenye fremu ofisini, alisimama pale na mikono nyuma muda mrefu, akaondoka akiguna. Wa mwisho alikuwa Katibu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akautazama mhuri kwa karibu kama anatafuta chawa. Nilidhani nimekwisha. Kisha akachukua pini kutoka kwenye mkoba wake, akaibana vizuri pembe iliyokuwa inapepea, akaenda darasani.

Jumatano walikuja wote ishirini na wanne. Mkutano ulikuwa darasani kwetu, maana ndilo lililo jirani na ofisi ya walimu. Madawati yetu ni ya watu wawili, kiti na meza vimeungana, na yalitengenezwa na mtu ambaye hakuwahi kuona goti. Mwalimu wa Michezo aliingiza mguu mmoja, akaahirisha wa pili. Mkuu alichagua dawati la katikati, lenye hadhi, ambalo kwa bahati lilikuwa langu na Redio, akakaa na magoti karibu na masikio, tai ikiwa imelala mezani mbele yake kama mjumbe mwingine. Mimi nilipita na bakuli la pamba, Redio na karatasi. Mwalimu wa Kemia aliinusa pamba yake, akaniuliza imetoka wapi. Nilimwambia imetoka makao makuu.

Ukuta ndiye pekee aliyekuwa na raha. Alivaa miwani, akafungua daftari, akageuka, akaanza: sababu za kuanguka kwa dola ya kale.

Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na huenda nisione tena. Sentensi ya kwanza ilipotoka watu wazima ishirini na wawili waliinua shingo pamoja kama kuku waliosikia mlango wa ghala. Sentensi ya pili wakaanza kutazamana. Ya tatu wakaanza kuchungulia. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye alinivunjia rula mgongoni kwa kuchungulia, alijinyoosha juu ya karatasi ya jirani yake hadi karibu amlalie. Mwalimu wa Michezo yeye hakuchungulia kwa mtu. Alikuwa anaandika bila kusimama, haraka, kwa kujiamini kabisa, na kwa sababu hiyo wote waliomzunguka wakaamua kuwa ndiye anayesikia. Mkuu alikuwa nyuma yake hatua moja. Nilimwona akijifanya anajikuna, jicho likisafiri.

“Mwalimu, rudia ya sita,” aliita mwalimu wa Kemia.

Ukuta hakumjibu. Hajawahi kumrudia mtu ya sita.

Redio alikuwa amesimama kando yangu na karatasi zilizobaki. Alitazama lile darasa zima likihangaika, akanigonga kiwiko. “Wanafanana na mimi,” akasema, akidhani ananong'ona. Kwa bahati wote walikuwa na pamba.

Katibu alikusanya karatasi, akaketi meza ya mbele na kalamu nyekundu, na kwa dakika ishirini hakuna aliyethubutu kukohoa. Alipomaliza aliwaambia watoe pamba, wakaitoa, na baadhi waliendelea kuitoa mpaka mwisho wa mkutano, kwa maana pamba ya godoro ina tabia ya kukaa. Kisha akasoma alama. Aliyeongoza alipata saba. Mkuu alikuwa na mbili kati ya ishirini.

“Moja,” alieleza Katibu kwa upole, “ni ya tarehe.”

Akaendelea. Sentensi ya nne ilikuwa inasema mfalme aliwanyima wakulima maji ya mto. Mwalimu wa Michezo, akiwa hajasikia hata silabi, alijaza pengo kwa alichokijua: aliandika kwamba mfalme alifungwa mabao manne nyumbani kwa sababu ya kukosa beki wa kushoto. Kosa hilo, alisema Katibu, lilikuwa kwenye karatasi saba. Alizipanga saba hizo mezani, moja kando ya nyingine, na ya Mkuu ilikuwa ya pili kutoka kulia.

Walicheka, kwanza wale ambao hawakunakili, kisha hata walionakili. Ukuta tu ndiye hakucheka. Alikuwa amegeuka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwa wima na ametutazama kwa wakati mmoja, na niseme kweli, ana uso wa mtu mpole. Alisema kwa sauti ndogo kwamba amefundisha miaka kumi na tisa na hakuna aliyemwambia. Mwaka wake wa kwanza mdomo ulikuwa ukimtetemeka mbele ya watu, darasa likamcheka, akageukia ubao ili atulie kidogo, na baada ya hapo hakupata sababu ya kugeuka tena.

“Anasemaje?” aliuliza mwalimu wa Michezo, ambaye pamba yake ilikuwa imezama.

Katibu hakungoja moto upoe. Alisoma azimio lake, akaongeza kifungu kwamba asihamishwe mwanafunzi yeyote kwa sababu ya kutosikia kabla walimu hawajayafanya hayo yote kwa muhula mzima. Waliinua mikono. Ukuta aliinua wa kwanza. Mkono wa Mkuu ulifika nusu, ukaishia sikioni.

Hapo ndipo ningependa kuwaomba muache kusoma, mwende zenu, na mnikumbuke kwa wema.

Mkuu alijinasua dawatini, akasimama, akainyoosha tai. Alisema analiheshimu azimio. Habari za masikio amezielewa, hata yeye masikio yake yamemwasha. Lakini kesi ya mtoto huyu, akasema, si ya masikio. Akatoa mfukoni daftari la Historia la Redio, alilokuwa amelichukua kama ushahidi wa kupeleka kwenye bodi, akalifungua.

“Sikilizeni. ‘Dola ilianguka kwa sababu malkia alikataa kuolewa na mpishi.’ Ukurasa wa pili. ‘Jeshi lilishindwa kwa kuwa majemadari wote walikuwa na mafua, na leso ilikuwa moja.’ ” Akafunga. “Asiyesikia huacha nafasi wazi. Huyu hajaacha hata mstari. Kaandika kurasa arobaini za namna hii. Hapa shida ni kichwa, na azimio lenu halisemi chochote kuhusu kichwa.”

Hakuna aliyecheka. Redio alikuwa amemtazama Mkuu mdomoni toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo alipata kila neno. Nilimwona shingo ikiingia mabegani. Mwalimu wa Kemia akasema polepole kwamba kwa kweli hilo ni jambo jingine. Mikono iliyokuwa juu dakika mbili zilizopita sasa ilikuwa inatafuta mahali pa kujificha.

Katibu alilichukua daftari, akasoma ukurasa, akasoma mwingine. Akazitazama zile karatasi saba zilizopangwa mezani. Halafu akainua macho, na hayakwenda kwa Redio.

“Mkuu,” akasema, “hapo ulipokuwa umekaa ni dawati la nani?”

“Letu,” alitangaza Redio, kwa kuwa alikuwa ameanza kumtazama Katibu mdomoni. “Mimi na huyu.”

“Hebu angalia humo ndani, tafadhali. Daftari la huyo mwingine.”

Mkuu alirudi dawatini, akakaa, akaingiza mkono. Nilijua atakachokitoa kabla hakijatoka. Kilikuwa na jalada la karatasi ya kahawia, na neno HISTORIA limeandikwa kwa herufi zenye mikia, kazi ya dakika arobaini. Alilifungua. Alisoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma hati ya mahakama, habari za malkia, na za mpishi, na za ile leso moja.

“Nimesahihisha mitihani miaka kumi na miwili,” alisema Katibu. “Kosa likirudiwa neno kwa neno namtafuta aliyenakiliwa. Mwanangu, wewe Historia ulipata ngapi?”

“Sabini na nne, Mwalimu.”

“Kwa malkia na mpishi?”

Nikasema hapana. Nikasema lipo daftari lingine, sandukuni, ambalo nilikuwa ninaliandika jioni kwa kuazima kwa mwenzetu wa dawati la mbele. Lile la dawatini lilikuwa la maonyesho.

Wakanitaka nieleze, nami nikaeleza, macho yakiwa kwenye sakafu, ambayo inahitaji kupigwa deki. Nilisema ilianza na sentensi moja. Nilitaka kuona kama atagundua, acheke, tucheke wote. Hakugundua, kwa sababu aliniamini, akaandika vizuri kabisa na kupigia mstari. Kipindi kilichofuata nikaongeza mbili. Baada ya mwezi nilikuwa sisikilizi tena imla. Nilikuwa naandika hadithi yenye msomaji mmoja, na hakuna anayejua raha ya jambo hilo mpaka alionje. Nilikusudia kumwambia kabla ya mtihani. Kisha nikakusudia kumwambia baada ya mtihani. Halafu mama yake akaniletea shati, na si rahisi kusema neno kama lile ukiwa umevaa shati kama lile.

“Inua uso,” alisema Redio.

Niliendelea kuitazama sakafu.

“Inua uso. Sikuoni.”

Ndiyo nikakumbuka kwamba maelezo yote yale niliyoyatoa yalisikiwa na kila mtu chumbani isipokuwa mwenyewe. Nikainua uso. Ikabidi niyaseme yote upya, taratibu, midomo ikiwa wazi, na walimu ishirini na wanne wakingoja. Mara ya pili hayakuwa na mzaha ndani yake. Nilijaribu kuuweka ukakataa.

Katibu aliniuliza kama kuna lingine. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nina hakika, huku akichukua waraka wangu kutoka kwenye mkoba wake. Alionyesha kwamba kwenye mhuri wa chama kalamu iko kulia kwa kitabu, na kwenye mhuri huu iko kushoto. Aliyechonga alizigeuza herufi, picha akaisahau. Mkuu alinyanyuka kwa mara ya pili. Akasema kwa hiyo mkutano wote ni batili.

“Mkutano ni halali, Mkuu. Niliuitisha mimi, kwa tangazo langu, wiki tatu zilizopita, saa hii hii, chumba hiki hiki. Wamehudhuria ishirini na wanne, na sahihi zao ninazo.” Aliukunja waraka, akaurudisha mkobani. “Hii karatasi niliijua ni ya uongo tangu Jumatatu. Ila nilikuwa nahitaji watu kumi na sita.”

Mkuu alikaa. Kisha akaitoa ile fomu mfukoni, akaandika kitu juu yake kwa kalamu nyekundu aliyoiazima kwa Katibu, akasema Redio atabaki, na mtihani wa Historia ataurudia akiwa ametazamana na mwalimu wake. Ukuta alisema hata kesho. Ijumaa bodi ingekaa kama ilivyopangwa, akaongeza Mkuu, ajenda ile ile, saa ile ile. Jina tu ndilo litakalobadilika, na mwenye jina nilikuwa mimi.

Redio alikuwa hajaniondolea macho. Nilimwambia naomba radhi. Aliitazama midomo yangu ikisema hivyo, akaifikiria.

“Na Jiografia?” akauliza.

Walimu wote wakageuka. Mwalimu wa Jiografia, safu ya tatu, naye husoma imla akitembeatembea nyuma ya darasa. Aliweka kalamu chini.

“Jiografia ni ule mto tu,” nikasema.

“Upi?”

“Unaopanda mlima.”

“Niliouchora? Nikaupaka rangi?”

“Huo.”

Alivuta kiti cha mwalimu, akakaa mbele yangu mahali ambapo angeniona vizuri, akaweka daftari tupu kwenye goti na kufungua kalamu. Nikamwambia kwamba kulikuwa pia na ziwa.